Beetle ya 1967 imelala nyuma kushoto: nizungushe meno ya tosheni (fimbo ya chuma inayojipinda kama springi)?

Muulizaji: Wakuu, Beetle 1300 ya 1967, nyuma kushoto iko chini ya kulia kwa sm 2.5. Bushi za sahani ya springi (mkono bapa unaounganisha tosheni na ekseli) ni mpya, shokapu nzima. Nizungushe meno mangapi?

Jibu: Usifungue kitu bado. Ukipiga jeki, magurudumu ya nyuma hujikunja chini kwa ndani na hayarudi mpaka gari litembee. Lisukume mita kadhaa mbele na nyuma ndipo upime, sakafu tambarare, upepo sawa. Kisha jeki katikati kabisa ya bimu ya mbele, inua magurudumu yaache ardhi. Nyuma ikikaa sawa, ugonjwa uko mbele.

Muulizaji: Nimefanya hivyo, bado imelala.

Jibu: Basi ni tosheni. Ncha ya ndani ina meno 40, kila jino nyuzi 9. Ya nje ina 44, nyuzi 8 na dakika 10 (dakika 60 ni uzi mmoja). Sogeza ndani jino moja ili sahani ielekee chini, halafu rudisha sahani juu jino moja kwa nje: inabaki dakika 50 kuelekea chini, gari linapanda karibu mm 6 kwenye gurudumu. Sm 2.5 ni hatua nne. Ukizungusha ncha moja tu, jino moja linapandisha zaidi ya sm 5.

Ila pima pembe ya sahani pande zote mbili kwanza, zikiwa huru, na utoe pembe ya kizingiti cha mlango kwa sababu gari juu ya stendi halikai sawa. Huenda kulia ndiko kulipandishwa. Hapo shusha kulia. Beetle iliyoinuka nyuma hukunja gurudumu kwenye kona kali, ni hatari.

Piga alama ya patasi sahani inapokutana na nyumba ya ekseli, la sivyo gurudumu litaangalia pembeni.

Jibu: Niongeze la usalama. Sahani imekaa juu ya kizuizi ikiwa na mkazo mkubwa. Ishike kwa jeki na mnyororo, uishushe polepole. Ikiruka inavunja mfupa.

Tosheni ya L (kushoto) na ya R (kulia) hazibadilishani, kila moja imezoeshwa kujipinda upande wake. Usiikwaruze: ufa huanzia kwenye mkwaruzo, kutu ikiingia chuma kinakatika. Rangi iliyobanduka ipakwe upya kabla ya kurudisha. Grisi ni ya meno tu. Bushi za mpira zipake poda ya talki, maana grisi inazivimbisha, na ya ndani yenye neno "oben" (Kijerumani, "juu") neno hilo likae juu.