Naomba ushauri: Koopa mwenye mabawa ni spishi nyingine au ni yuleyule?

Mtunza Orodha:
Habari zenu wanajukwaa. Mimi na wenzangu wawili tunatayarisha orodha ya maadui wote wa michezo ya video ya Super Mario, tangu ule wa mwaka 1985, na kazi imekwama kwenye herufi K. Mmoja anashikilia kwamba kila adui mwenye jina lake ahesabiwe kuwa spishi kamili. Mwingine anataka Koopa Troopa, Koopa Paratroopa mwenye mabawa na Dry Bones, yule wa mifupa mitupu, wakae chini ya kichwa kimoja, kwa hoja kwamba wote ni kobe. Kwa wiki mbili sasa kila mmoja anafuta alichoandika mwenzake. Naomba kigezo kitakachotumika kwa maadui wote bila upendeleo.

Gamba Jekundu:
Ndugu, tazama kinachobaki baada ya adui kukanyagwa. Ukimrukia Paratroopa, mabawa yanatoweka, naye anaanguka chini na kuendelea kutembea kama Koopa Troopa yeyote. Ukimkanyaga mara ya pili ndipo anapojikunyata ndani ya gamba. Paragoomba wa Super Mario Bros. 3, yaani Goomba (adui mdogo mwenye umbo kama uyoga) aliye na mabawa, hufanya vivyo hivyo, anabaki Goomba wa kawaida. Popo aliyevunjika bawa hageuki kuwa panya, kwa hiyo kitu kinachoondoka kwa pigo moja nakihesabu kuwa hali tu. Zaidi ya hapo, Super Mario Maker ya mwaka 2015 inamruhusu mchezaji kumpachika mabawa karibu adui yeyote.

Msomaji wa Usiku:
Mkuu, hoja ya mabawa naikubali, ila Super Mario Maker iondoe kwenye ushahidi, maana hicho ni chombo cha kuundia hatua za mchezo na mtu anaweza kupachika chochote anachotaka. Nami nina swali kuhusu rangi. Koopa wa kijani akifika ukingoni anaendelea kutembea hadi anadondoka shimoni, lakini mwekundu hugeuka na kurudi alikotoka, na tofauti hiyo haibadiliki hata ukiwatazama mara mia. Ukiwakanyaga, wote wawili wanaacha gamba. Je, tabia isiyobadilika haina uzito wowote?

Gamba Jekundu:
Ina uzito, ila wa kutenganisha aina ndani ya spishi moja. Kumbuka pia kwamba sura pekee inadanganya: katika mchezo wa 1985, Bowser, mfalme wa Koopa, wa ngome saba za kwanza ni wa bandia, na ukimuua kwa mipira ya moto badala ya kumwangusha kwa shoka linalokata daraja, utaona aliyejificha ndani yake. Katika ngome ya kwanza ni Goomba. Mtu anayeainisha kwa macho angeandika kwamba Bowser wako wanane.

Bibi wa Vidhibiti:
Wajukuu zangu, mmemsahau Dry Bones, naye ndiye mgumu. Ukimkanyaga anasambaratika, kisha baada ya muda mfupi mifupa inajikusanya na kusimama tena, na mpira wa moto haumdhuru. Kwa kigezo cha Gamba Jekundu angekuwa spishi ya peke yake. Lakini tazameni New Super Mario Bros. ya mwaka 2006: mwishoni mwa ulimwengu wa kwanza Bowser anatumbukia kwenye lava, baadaye anarudi akiwa mifupa, na hatimaye mwanawe anaitupa mifupa hiyo ndani ya chungu kikubwa, naye anatoka na nyama yake. Mfalme mwenyewe amekuwa mifupa na akarudi, kwa hiyo kuwa mifupa nako ni hali, ingawa ni hali inayombadilisha mtu sana.

Mtunza Orodha:
Shikamoo Bibi, na asanteni wote. Mwenzangu wa pili atafurahi. Lakini vipi kuhusu Galoomba, yule wa duara anayefanana na Goomba? Wachezaji wengi wa Super Mario World walimjua kwa jina la Goomba.

Msomaji wa Usiku:
Hapo atafurahi yule wa kwanza. Goomba akikanyagwa anabapa na kutoweka. Galoomba anapinduka miguu juu, akiwa mzima, na unaweza kumbeba na kumrusha. Kwa Kijapani nao wametenganishwa tangu mwanzo, Kuribo na Kuribon. Ila usitegemee majina: kwa Kijapani Paragoomba ni Patakuribo, jina linaloonyesha asili yake, ilhali Koopa Troopa ni Nokonoko na Paratroopa ni Patapata, majina yasiyohusiana hata kidogo.

Mtunza Orodha:
Nimejaribu kigezo hiki usiku huu na kimenikwaza mahali pamoja. Katika Super Mario World, Koopa akikanyagwa hajifichi ndani ya gamba. Anachomoka nje, mtupu, na gamba linabaki kando yake. Nikifuata kigezo neno kwa neno, Koopa wa 1985 na huyu wa 1990 ni spishi mbili.

Gamba Jekundu:
Basi linganisha maadui wa mchezo mmoja kwanza, na andika mwaka kando ya kila dai. Galoomba bado atasimama peke yake, kwa kuwa kuna michezo ya baadaye inayomweka pamoja na Goomba.

Mtunza Orodha:
Nimekubali. Mabawa na mifupa nitaviandika kuwa hali, rangi kuwa aina. Mwenzangu wa kwanza ameridhia yote isipokuwa Dry Bones, ambaye anasema hatamfuta mpaka aone mmoja, asiye mfalme, aliyerudishiwa nyama.