Naomba ushauri: kuchagua na kufunga taa za ndani na nje kabla ya kupiga plasta

Mjenzi Mpya

Ndugu wanajamvi, naomba mwongozo wenu kuhusu taa za nyumba ambayo imekwisha ezekwa lakini plasta haijapigwa. Fundi yuko tayari kuchimba mifereji ya mabomba ya waya ukutani, na mchoro alionipa una taa moja katikati ya dari ya kila chumba, swichi moja mlangoni, na nje taa nne kubwa, moja kwa kila kona ya nyumba. Ni mchoro rahisi, lakini sina hakika kama utatufaa. Sebule ina mita 5 kwa 4, jiko lina meza ndefu chini ya makabati ya ukutani, kuna ngazi ya ndani, na chumba kimoja cha chini kitakuwa cha mama yangu, ambaye umri wake umepita miaka 70 na hupenda kusoma jioni.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, nianzie wapi katika kupanga taa hizi, kwa kuwa maboksi dukani yameandikwa wati, lumeni, kelvini na namba za IP ambazo sizielewi vizuri? Pili, ni mambo gani ya lazima niyaamue sasa, kabla ukuta haujafungwa?

Fundi Waya

Ndugu, umeuliza kwa wakati mzuri, na nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo lisilosubiri. Aina ya taa unaweza kuibadilisha hata baada ya kuhamia, lakini mahali waya unapotokea ukutani au darini hutabadilisha bila kubomoa plasta. Kwa hiyo usimruhusu fundi achimbe mpaka umechora samani: kitanda kitakaa wapi, kiti cha kusomea, meza ya kulia, kioo cha bafuni. Kisha jiulize mtu atakuwa anafanya nini pale na mwanga umfikie kutoka upande gani. Mtu anayekata mboga chini ya taa iliyo katikati ya jiko huipa taa mgongo, na kivuli chake mwenyewe huangukia pale pale anapopitisha kisu. Kasoro hiyo haiondolewi kwa kuongeza wati. Dawa yake ni taa za ukanda zilizofungwa chini ya makabati, karibu na ukingo wa mbele, na waya wake lazima utolewe sasa.

Ngazi iwekewe swichi za njia mbili, moja chini na moja juu, ili mtu asipande wala kushuka gizani. Swichi hizo huhitaji waya wa ziada kati yao, na huo ndio waya unaosahaulika mara nyingi. Fanya hivyo pia katika vyumba vya kulala, mlangoni na kando ya kitanda. Jambo jingine ninalolisisitiza ni kupitisha waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, hadi ndani ya kila boksi la swichi, hata kama swichi ya leo haiuhitaji, kwa sababu swichi nyingi zenye vihisi, saa au mawasiliano ya simu hazifanyi kazi bila nyutro.

Kuhusu maandishi ya boksi, wati ni umeme unaoliwa na lumeni ni mwanga unaotolewa. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni zipatazo 800. Taa ya LED hutoa mwanga huo huo kwa wati 8 hadi 10. Nunua kwa lumeni. Mwanga unaofika juu ya eneo hupimwa kwa laksi, na laksi moja ni lumeni moja kwa mita moja ya mraba. Sebule yako ina mita 20 za mraba. Ukitaka laksi 150, ambazo zinatosha kwa mazungumzo na shughuli za kawaida, unahitaji lumeni 3,000 zifike chini, na kwa kuwa sehemu ya mwanga humezwa na kuta, dari na vifuniko vya taa, ni busara kupanga taa zenye jumla ya lumeni 4,500 hivi. Usiziweke zote katika taa moja. Zigawe katika makundi mawili au matatu yenye swichi zake, ili jioni tulivu isilazimike kuangaziwa kama ukumbi wa mkutano. Meza ya jiko, kwa upande wake, inastahili laksi 500.

Nuru Tulivu

Naunga mkono, na ninaongeza habari ya rangi ya mwanga, ambayo wanunuzi wengi huigundua wakiwa wamekwisha funga taa. Kelvini 2,700 ni mwanga wenye umanjano wa kupumzisha, 4,000 ni mweupe wa wastani, na 6,500 ni mweupe unaoelekea buluu. Kwa vyumba vya kulala na sebule ningechagua 2,700 au 3,000. Jikoni na mahali pa kufanyia kazi 4,000 inafaa. La muhimu zaidi ni kutochanganya rangi mbili katika chumba kimoja, kwani ukuta ule ule utaonekana safi upande mmoja na mchafu upande wa pili.

Tazama pia alama ya Ra, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa usahihi, ambacho ukomo wake ni 100. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida huanza kama chembe ya mwanga wa buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano na nyekundu. Unga ukiwa duni, nyekundu hupungua: nyama huonekana ya kijivu na nyuso huonekana za wagonjwa. Ra 80 inatosha katika njia za kupita, lakini jikoni na mbele ya kioo tafuta 90 au zaidi.

Kuhusu mama, naomba usipange chumba chake kwa macho yako. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, na papo hapo huumizwa zaidi na mwanga unaochoma moja kwa moja. Kwa hiyo anahitaji mwanga mwingi zaidi, lakini uliofichwa chanzo chake: taa ya kusomea yenye kifuniko, ikitokea nyuma ya bega lake na kumulika kitabu, pamoja na mwanga laini wa chumba kizima ili macho yasihame kutoka kwenye ukurasa mweupe kwenda gizani. Weka pia taa ndogo ya chini ya ukuta, ya kihisi cha mwendo, kati ya kitanda chake na bafu. Kwa mtu wa umri huo taa hiyo ndogo ina thamani kuliko taa yoyote ya urembo.

Lango Imara

Mimi nitazungumzia nje. Usalama hauhitaji mapambo. Funga taa kubwa za kumulika uwanja katika kona zote nne, za mwanga mweupe kabisa wa 6,500, ziwake usiku kucha. Penye mwanga mkali mtu mwenye nia mbaya hapati pa kujificha.

Bustani

Ndugu Lango Imara, nia yako ni njema lakini ninapingana nawe juu ya njia. Mwanga mkali uliofungwa juu na kuelekezwa mbali hufanya mboni ya jicho inywee, na kila kilicho nje ya mwale wake huwa cheusi zaidi kuliko kabla taa haijawashwa. Anayechungulia dirishani huona mng'ao tu. Aliyesimama nyuma ya mti au nguzo yuko salama kuliko angekuwa gizani. Kamera nazo hupofushwa hivyo hivyo taa ikiwa ndani ya picha yake. Kinachosaidia ni mwanga wa wastani ulioenea sawasawa, unaotoka kwenye taa zenye kofia zinazoumwaga chini, ukifika mlangoni, kwenye tundu la kufuli, kwenye ngazi za baraza na njia ya kutoka langoni. Mgeni aonekane uso. Majirani nao wana haki ya kulala bila mwanga wetu kuingia vyumbani mwao.

Vihisi vya mwendo vifungwe kwenye kimo cha mita 2 hadi 3, vikitazama njia kwa ubavu, kwa sababu hunasa vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayemjia moja kwa moja. Visielekezwe kwenye mtambo unaotoa joto wala kwenye matawi yanayoyumba. Kihisi cha giza, kile kinachowasha taa jua likizama, kisiwe mahali panapomulikwa na taa yake yenyewe. La sivyo kitaiwasha na kuizima bila kukoma. Na kwa sababu wadudu wengi huvutwa na buluu na miale iliyo jirani nayo, barazani weka 2,700 au chini ya hapo.

Ukitaka taa za bustani za volti 12, kumbuka kwamba wati 60 kwa volti hizo ni ampia 5, ilhali kwa volti 230 ni kama robo ya ampia tu. Kebo ndefu na nyembamba itakula nguvu njiani, na taa za mwisho zitafifia. Tumia kebo nene, au gawa njia mbili kutoka kwenye transfoma inayoshusha volti.

Mkaguzi

Naona usalama wa umeme wenyewe haujaguswa vya kutosha. Namba ya IP ina tarakimu mbili: ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu, ya pili inahusu maji. IP20 ni ya ndani pakavu. IP44 huvumilia maji ya kurushiwa, hivyo inafaa barazani chini ya paa. Ukuta unaopigwa na mvua upewe IP65, ambayo haiingizi vumbi na hustahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa kumwagilia. Lakini namba hiyo ni ya taa ilivyotoka kiwandani. Fundi akitoboa tundu jipya juu yake au akiacha mlango wa kebo bila mpira wake, kinga imekwisha. Kebo iingie kwa chini, ikiwa imepindwa kidogo ili matone yadondoke kabla ya kufika kwenye taa.

Bafuni, taa zilizo juu ya sehemu ya kuogea hadi kimo cha mita 2.25, na zile zilizo umbali wa sentimita 60 kutoka hapo, ziwe na angalau tarakimu ya maji 4. Swichi ya kawaida ikae nje ya maeneo hayo, au nje ya bafu kabisa.

Taa zote za nje zilindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30, na taa yenye mwili wa chuma iungwe ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, isipokuwa kama ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani ina insulesheni maradufu. Kebo za ardhini zipite ndani ya bomba, kwa kina kisichofikiwa na jembe. Hakikisha swichi zinakata waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, na si nyutro, kwani nyutro ikikatwa taa huzimika huku holda ikibaki na umeme unaoweza kumuua anayebadilisha balbu. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, naye apime mfumo mbele yako kabla ya kuuwasha.

Mjenzi Mpya

Nawashukuru sana. Nimesimamisha uchimbaji na nimeanza kuchora samani. Nina swali moja la mwisho: katika nyumba tunayokaa sasa, taa za LED hubaki na mwanga hafifu hata zikizimwa, na zile zilizo ndani ya vifuniko vya kioo hufa mapema. Nitaepukaje hayo, hasa kwa kuwa sebuleni nataka swichi ya kupunguza mwanga?

Fundi Waya

Mwanga hafifu huo mara nyingi hutokana na swichi kukata nyutro, jambo alilolitaja Mkaguzi, au na swichi yenye taa ndogo ya kiashiria inayopitisha umeme kidogo sana, au na waya mrefu uliolala sambamba na waya wenye umeme. Fundi aanze kwa kukagua nyutro, maana hilo ndilo la hatari.

Kuhusu vifo vya mapema, LED huuawa na joto, na kinachotangulia kufa kwa kawaida ni saketi ya kuiendesha iliyo kwenye shina lake. Katika kifuniko kilichofungwa pande zote weka tu taa ambayo boksi lake linasema inafaa humo, na taa za kuzama darini zisifunikwe kwa sufu ya kuzuia joto isipokuwa zimetengenezwa kwa hilo.

Swichi ya kupunguza mwanga inahitaji taa zilizoandikwa kuwa zinakubali kupunguzwa, na swichi yenyewe iwe ya LED. Zile za zamani zilitengenezwa kwa mzigo mkubwa, hivyo taa chache za wati 6 kila moja huziacha chini ya kiwango chao na mwanga hutetemeka. Nunua swichi moja na taa moja kwanza, zijaribu pamoja kuanzia mwanga wa juu hadi wa chini kabisa, na zikitulia ndipo ununue zilizobaki za aina hiyo hiyo.