Mliouziwa sanduku la siga mkiwa Pwani, MSITIE MAJI! Nimeozesha siga 23 za bosi

Wanajukwaa salaam, ila leo sina salamu ndefu. Nina hasira tangu Jumanne, na nisipozimwaga hapa nitazimwagia watu wasiohusika. Mama watoto ameshaniambia yametosha.

Mimi ni msimamizi wa nyumba ya Mtaliano mmoja hapa Malindi, upande wa Casuarina. Mwenyewe huja Desemba kaskazi ikishatulia, huondoka Machi kabla ya mvua. Mwaka huu aliniachia siga 38 (zile sigara nene za majani matupu, si hizi za pakiti) pamoja na hela ya kununua sanduku lake maalumu, lile la kuzihifadhi na unyevu wake. Nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Nairobi. Jina simtaji, msiniulize. Shilingi 14,500. Likashuka na basi la usiku, zuri kweli: vanishi inang'aa, kipima unyevu cha mshale mfano wa saa, na kiboksi cha sifongo cha kutilia maji. Nikapiga simu kuulizia matumizi. "Kaka, siga ikikauka imekufa hiyo. Jaza maji kila wiki, mshale usishuke sabini."

Kila wiki! Malindi hii! Mwezi wa tano hapa chumvi inakuwa uji kwenye kibakuli, viatu vya ngozi vinaota kuvu kabatini, na biskuti ukiisahau wazi asubuhi, jioni unaikunja kama chapati. Na mimi niliyezaliwa hapa hapa, nikawa nabeba maji kuyaingiza sandukuni. Hilo linaniuma kuliko hela.

Mshale ulikuwa umeganda kwenye 68. Nikitia maji, 68. Nikitia tena, 69, halafu unarudi. Nikasema basi sanduku lina kiu, nikazidisha. Tena kwa maji safi, yale ya betri ya dukani (maji matupu yaliyoondolewa madini, si asidi, msije mkachanganya chupa), kwa kuwa maji ya kisima yana chumvi na madini yanayoziba sifongo. Ujinga wangu nilikuwa nauhudumia kwa usafi kabisa.

Jumanne nafungua, napokelewa na harufu ya godoro lililonyeshewa. Siga zimevimba, jani la nje limepasuka kama sambusa iliyozidishwa nyama. Nyingi zina madoa ya kijani yenye manyoya. Nne zina vitundu kama vya sindano, bungua washatoka humo. Nikatuma picha kwa muuzaji. Mnajua alijibu nini? "Hiyo si kuvu kaka, ni ua la siga, dalili ya kukomaa."

Ua! Ua lenye manyoya ya kijani linalonuka godoro! Nilipodai hela yangu akasema nimelitumia vibaya, dhamana hakuna. Nimelitumia vibaya kwa kufuata maneno yake mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa Kiitaliano jirani, yule anayekaa hapa mwaka mzima na kugombana na wauza samaki kwa Kiswahili safi. Hata sanduku hakulitazama. Aliuliza tu, "Hicho kipima umekipima kwa chumvi?" Nikabaki namwangalia.

Iko hivi. Chukua kifuniko cha soda, tia chumvi ya kawaida, mimi nilitumia ya hapa hapa Gongoni. Dondoshea maji kidogo kidogo mpaka iwe tope, isiwe mchuzi. Weka pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa, acha usiku kucha au siku nzima. Hewa ya humo ndani itatulia kwenye asilimia 75, uwe Malindi au Milano. Changu asubuhi kilisoma 62. Pungufu 13! Maana yake ile 68 niliyokuwa naihurumia ilikuwa 81. Nilikuwa namnywesha maji mtu anayezama.

Halafu hiyo sabini yenyewe. Ni kanuni ya wenzetu wa baridi: unyevu asilimia 70 kwenye joto la digrii 21. Nani ana digrii 21 hapa, labda ndani ya friji? Chumba kile bila AC kinafika 30, na bosi ndiye aliyesema AC izimwe akiondoka, bili ya stima isipande. Sasa sikilizeni: asilimia 70 kwenye digrii 30 ni kama gramu 21 za maji kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kwenye digrii 21 ni gramu 13 tu. Mshale ule ule, maji ya hewani zaidi ya mara moja na nusu. Mzee yeye anaweka zake 62 hadi 65. Na joto likipita digrii 24, 25, mayai ya bungua yanayokuja ndani ya tumbaku yenyewe yanaanguliwa. Kwa hiyo bungua hawakutoka kwenye mchele wetu, kama nilivyomshutumu mpishi. Nimeshamwomba radhi.

Sanduku nalo ni pambo tu. Niliwasha tochi ya simu, nikaiweka ndani, nikafunga na kuzima taa za chumba: mwanga unatokea pembeni kama alfajiri. Linavuta hewa ya bahari mchana na usiku, na bawaba zimeshaanza kutu. Muuzaji aliapa ndani ni mwerezi wa Kihispania. Nilikwangua kwa kisu: karatasi ya rangi ya mbao juu ya mbao za kubandika! Mti huo wenyewe si wa Uhispania wala si mwerezi, ni wa Amerika ya kitropiki, ukoo mmoja na mkangazi na huu mwarobaini wetu. Kazi yake ni kunyonya unyevu ukizidi na kuurudisha ukipungua. Karatasi itanyonya nini?

Kinachonichekesha kwa uchungu: bosi alikuwa na pakiti mbili za Toscano, zile siga kavu za kwao zilizopinda kama kijiti, tumbaku yake hukaushwa kwa moto. Muuzaji alisema nazo nizitie sandukuni. Nikasahau, zikabaki kwenye kopo la biskuti nililolizungushia tepu. Nzima kama zilivyotoka Italia.

NYONGEZA: Mnaouliza zilizobaki nimezifanyaje. Zilizo salama 15 nilizifunga kwenye mifuko miwili miwili, friza siku tatu kuua bungua na mayai yao, kisha friji ya kawaida siku moja, ndipo nje. Msizitoe kwenye friza moja kwa moja kwenye joto, zitapasuka. Sasa ziko kwenye kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, limekaa kabati la chini mbali na dirisha, bila tone la maji.

Na wewe unayesema "ni sigara tu, Mzungu atanunua nyingine": hujaulizwa wewe funguo za nyumba.

Ninachotafuta ni zile pakiti za unyevu zinazonyonya na kutoa zenyewe, za 62 au 65. SI za 72, hizo mwachieni wa Nairobi. Mwenye kujua duka Mombasa, au anayekuja Malindi wiki hii, anitumie ujumbe faraghani. Bosi anatua tarehe 12 na bado sijamwambia.