Mjadala: Gari limeshushwa gereji au limeshushwa kwenye kompyuta?

Mleta mada: Wakuu, naomba tulijadili hili. Picha za magari ya kumodi, yaani yaliyobadilishwa muonekano, zinazozunguka mitandaoni, hasa Altezza, Mark II na Subaru Impreza, nyingi zimepita kwenye Photoshop, ile programu ya kuhariri picha. Kufuta nguzo ya umeme, kukoleza machweo, kufunika pleti namba: sina ugomvi. Lakini mtu anakata bodi ya gari iwe leya (tabaka la picha) ya peke yake, anaiteremsha hadi madigadi zilalie tairi, anaongeza ukubwa wa rimu, halafu gereji inaitumia picha hiyo kuvutia wateja. Hapo naona tangazo la uongo. Iandikwe wazi kwamba gari limechezewa.

Mpiga picha: Unatuonea, mkuu. Gari jeusi ni kioo kitupu. Ukilipiga mchana linakurudishia mawingu, nyaya, hadi wewe mwenyewe uliyechuchumaa. Filta ya polaraizi, kioo cha kufunga mbele ya lenzi, inakata mng'ao, ila ukiizungusha kuokoa kioo cha mbele, mlango unaanza kung'aa. Kwa hiyo kamera inakaa kwenye tripodi bila kusogea, tunapiga picha kadhaa huku tukizungusha filta, kisha tunaziunganisha. Picha ya mwisho hakuna jicho lililowahi kuiona hivyo barabarani. Nayo tuiandikie?

Mleta mada: Hiyo hapana. Hapo umehangaika na mwanga, gari limebaki vilevile.

Fundi bodi: Mnaongea tu, wa kuletewa hizo picha ni mimi. Mteja ananyoosha simu: "Fundi, nataka hivi hivi." Kwenye picha tairi imeingia ndani ya madigadi, na hakuna anayekata usukani humo. Kwangu akikata kona tairi inasugua. Nikikata springi, tairi zinalala na kulika upande wa ndani. Na rangi je? Kwenye kompyuta ni kubofya tu. Mimi kuna msasa, puti, praima, rangi, klia ya kung'arisha juu. Gari likitoka tofauti na picha, ninayeambiwa nimeharibu ni mimi.

Mdau wa rimu: Fundi, mimi hiyo Photoshop iliniokolea hela. Kabla ya kununua rimu nyeusi kijana alinibandikia kwenye picha ya gari langu, nikaona hazifai kabisa.

Mleta mada: Sawa, ila wewe ulijua unaangalia mchoro. Mteja wa fundi hakuambiwa.

Mpiga picha: Na nani atasimamia? Tangu 2023 Photoshop ina zana ambayo unaandika maneno tu, bampa jipya linaota. Zamani angalau ilihitaji ujuzi. Mnunuzi naye afungue macho: atazame kivuli, maana mhariri mvivu hushusha bodi akaacha kivuli cha gari lililo juu. Atazame rimu pia. Gari lililopigwa kwa pembe, rimu zake lazima zionekane kama yai. Zikiwa duara kamili, ujue zimebandikwa.

Fundi bodi: Mteja wangu hatazami kivuli, anatazama bei. Mimi nataka kitu kimoja: gereji ikiweka picha, iweke na video fupi ya gari hilohilo likivuka tuta.

Mpiga picha: Kwa matuta ya mtaani kwetu? Basi hakuna gereji itakayotangaza tena.

Fundi bodi: Zile zinazojua kazi zitatangaza.