Acheni kutuambia "ungesoma lebo" wakati lebo yenyewe imeandikwa ili isisomeke

Wakuu, habari za muda huu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Kila mtu anapoumizwa na chakula, kidonge au "tiba asilia" aliyouziwa, wanajitokeza watu wale wale na jibu lile lile: ungesoma lebo, ungeuliza, ungefanya utafiti kabla ya kutoa hela yako. Jibu hili limenichosha. Linamgeuza aliyepigwa kuwa mkosaji, huku aliyempiga akiendelea kuuza. Kuchagua kunahitaji taarifa, na taarifa zenyewe zinafichwa na watu wanaojua kabisa wanachokifanya. Nitaonyesha zinavyofichwa, halafu atakayetaka kubisha abishe na hayo.

Chukua chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sasa geuza pakiti ya vitafunio usome nyuma. Neno chumvi mara nyingi hulioni, kilichoandikwa ni "sodiamu, miligramu 400". Mtu anaona 400 ya kitu asichokijua, anairudisha kwenye kikapu. Lakini ili upate chumvi, sodiamu unaizidisha kwa 2.5, kwa hiyo hiyo ni gramu 1 nzima. Na hiyo gramu 1 ni ya "kipimo kimoja cha mlaji", ambacho kwa maandishi madogo zaidi wamesema ni gramu 50, wakati pakiti uliyoshika ina gramu 200. Nani anafungua pakiti, anakula robo, anaifunga na kuiweka kabatini? Ukiimaliza umekula gramu 4 za chumvi kwa kitafunio kimoja, na chakula chenyewe cha siku hujakigusa. Hesabu ya hatua tatu, kwa maandishi ya kutafutia miwani, mtu amesimama na mtoto anayelia. Halafu akipata presha tunaambiwa hakuwa makini.

Sukari nayo ina majina mengi kuliko mtoro anayetafutwa. Utakuta deksitrosi, fruktosi, sharubati ya mahindi, juisi ya matunda iliyokolezwa. Kwa kawaida viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukiigawa sukari kwenye majina manne, kila jina linashuka chini kwenye orodha na nafaka inabaki juu, na mama anayemnunulia mtoto anasoma cha kwanza anaridhika. Kuna na hii ya "haikuongezwa sukari" iliyobandikwa kwenye kitu kilichotiwa utamu kwa juisi iliyokolezwa, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa sukari kama ile ya kijikoni. Wao wanashauri sukari ya namna hiyo isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Chupa ya mililita 500 ya soda yenye gramu 10.6 kwa kila mililita 100 ina gramu 53. Chupa moja, siku imekwisha. Ila namba kubwa huioni, kwa sababu wameandika ya mililita 100.

Mnaosema "fanya utafiti wako" jueni kwamba hata utafiti umewahi kununuliwa. Mwaka 1967 watafiti wa Harvard walichapisha mapitio yaliyoelekeza lawama za ugonjwa wa moyo kwenye mafuta na kuipunguzia sukari. Waliolipa ni taasisi ya wafanyabiashara wa sukari Marekani, na msomaji hakuambiwa. Nyaraka zilikuja kuanikwa mwaka 2016, karibu miaka 50 baadaye. Wasomi na madaktari waliisoma makala ile bila kujua nani kaigharimia. Sasa mlitaka mtu wa kawaida mwenye simu ajue kwa njia gani?

Sasa nije kwenye lililonichoma mimi.

Shangazi yangu ana presha kwa miaka mingi, na ilikuwa imetulia kwa vidonge vya hospitali. Akaja mtu anayejiita mshauri wa afya, mmoja wa wale wanaouza virutubisho kwa kuunganisha watu chini yao. Mpole, anaamkia, anauliza wajukuu wanaendeleaje. Ujumbe wake kwenye simu ya shangazi nimeusoma mwenyewe: "Mama, hizo za hospitali ni kemikali, zinaua figo taratibu. Hizi ni asilia kabisa, presha inakwisha moja kwa moja. Anza leo, zile pumzika kwanza." Chini yake akapanga shuhuda, watu wanashika makopo na kutabasamu.

Kopo lenyewe nimelishika. Mbele kuna picha ya jani na moyo mwekundu. Ukilizungusha, pembeni karibu na mshono wa karatasi, kwa herufi zinazokaribia kufanana na rangi ya karatasi, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Shangazi hasomi Kiingereza. Kwa hiyo kampuni imeshajikinga kisheria kwa lugha asiyoielewa, na muuzaji anamwahidi uponyaji kwa lugha anayoielewa. Ukimbana muuzaji, anasema yeye si daktari, alishauri tu. Ukiibana kampuni, inakuonyesha yale maandishi. Mgonjwa anabaki peke yake.

Na mjue maneno yale hayakuangukia pale kwa bahati. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 iliyoweka virutubisho katika kundi lake inamruhusu mtengenezaji kuuza bila kwanza kuithibitishia mamlaka kwamba bidhaa inafanya kazi. Akitaka kusema "inasaidia afya ya moyo", lazima aweke na lile kanusho. Ukiliona kwenye kopo, lisome kama lilivyo: mwenye mali mwenyewe amekataa kusema kwamba inatibu.

Shangazi alijisikia vizuri, ndiyo. Presha haiumi! Watu wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote mpaka siku kitu kinapasuka au kinaziba. Kwa hiyo ushuhuda wa "tangu nianze najisikia mwepesi" hauna maana yoyote kwenye ugonjwa huu, kinachosema ukweli ni kipimo cha mkononi. Alipokuja kupimwa ilikuwa 190 kwa 110, akalazwa. Tunashukuru karudi nyumbani na anaongea. Yule mshauri alipoambiwa, alijibu kwamba mwili ulikuwa "unatoa sumu" na angevumilia kidogo zaidi. Nilitetemeka kwa hasira. Kazi ya kutoa taka mwilini inafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila kopo la mtu. Muulizeni anayeuza dawa ya kutoa sumu: sumu ipi, jina lake nani, inapimwa kwa kipimo gani kabla na baada? Mimi niliuliza. Nilifungiwa namba.

Hili neno "asilia" linanikera kuliko yote, kwa kuwa linawalaza watu usingizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina, na mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye mashine za kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Ulikuwa mmea. Vitamini je? Finland walifuatilia wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya kwenye karoti, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994: waliokunywa beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Karoti ni chakula kizuri. Kidonge chenye dozi kubwa ya kitu kimoja kilichotolewa kwenye karoti ni jambo jingine kabisa, na anayekuuzia hawezi kukwambia "hata kikizidi hakidhuru" kana kwamba anajua.

Msidhani nawatetea wenye makoti meupe. Nao wana michezo yao, hasa ya asilimia. Dawa ikitangazwa kwamba "inapunguza hatari kwa asilimia 50", uliza kutoka ngapi kwenda ngapi. Kutoka watu 2 kwa 1,000 hadi mtu 1 kwa 1,000 ni asilimia 50. Kutoka 200 hadi 100 ni asilimia 50 vilevile. Mambo mawili yasiyofanana kabisa yamevishwa namba moja. Na mchezo huo wa asilimia unaumiza hata unapotumika kutisha: Uingereza mwaka 1995 mamlaka ilitangaza kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Wanawake wengi wakaviacha kwa hofu. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2. Mwaka uliofuata, mimba zilizotolewa zilikadiriwa kuongezeka kwa 13,000 Uingereza na Wales. Wangetaja namba mbili badala ya neno "maradufu", mwanamke angeamua kwa akili yake.

Na vifurushi vya "pima mwili mzima ujue afya yako" vinavyouzwa kama vile kupima hakuna hasara. Korea Kusini walianza kuwapima watu wazima tezi ya shingo kwa ultrasaundi, nyongeza ndogo tu kwenye vipimo vingine. Kufika 2011, saratani ya tezi hiyo iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya 1993. Vifo? Vilibaki pale pale. Maana yake maelfu walikatwa tezi kwa uvimbe ambao usingewasumbua maisha yao yote, sasa wanakunywa vidonge vya homoni kila siku, na wapo walioumia mishipa ya sauti. Nani aliwaambia kabla hawajalala kile kitanda? Daktari anayekuheshimu atakueleza kipimo kinatafuta nini, kikikutwa tutafanya nini, na tusipofanya chochote itakuwaje. Anayekasirika ukimuuliza hayo, kaa naye mbali.

Najua kuna atakayekuja na "uhuru wa kuchagua, serikali isituingilie tumboni". Ndugu, uhuru ndio ninaoudai mimi. Chile tangu 2016 wameweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti: sukari nyingi, chumvi nyingi, mafuta mabaya mengi, kalori nyingi. Hakuna kuzidisha wala kugeuza pakiti, hata mtoto anaelewa. Pamoja na alama hizo wakabana matangazo kwa watoto na kuziondoa bidhaa hizo shuleni, na ununuzi wa vinywaji vitamu ulipungua kwa karibu robo. Bidhaa hazikupigwa marufuku, anayezitaka bado ananunua. Kilichobadilika ni kwamba anajua anachonunua. Wenye viwanda walipinga kwa nguvu zote, na kupinga kwao kunanitosha kujua nani anafaidika na giza hili.

Sasa nawageukia mnaouza humu jukwaani, maana nawaona, mna nyuzi zenu za shuhuda kila wiki. Pigeni picha upande wa NYUMA wa kopo, si wa mbele, muiweke hapa ikiwa inasomeka. Taja kila kilichomo na kipo miligramu ngapi, kwa sababu "mchanganyiko maalumu wa mitishamba" si kipimo. Semeni mtu anayekunywa dawa za presha, za sukari au za kuyeyusha damu akichanganya na mali yenu inakuwaje, na nani amelipima hilo. Semeni mteja akilazwa, namba gani ya simu itapokelewa. Na kama mmewahi kumwambia mgonjwa yeyote aache dawa za hospitali, mpigieni simu leo, mwambieni arudi kliniki akapimwe.

Majibu nayataka hapa hapa kwenye uzi, kila mtu ayaone. Msinifuate pembeni.