Wakati wa vita rais asikilize majenerali peke yao?

Jamani tujadili hii kitu kwa upole. Jana kwa stage ya boda hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mzee mmoja, askari mstaafu, alisema vita ikianza raia tunyamaze, serikali isikilize wanajeshi tu maana wao ndio wanajua bunduki. Namheshimu sana lakini nakataa.

Amin alikuwa mwanajeshi na akajizungushia wanajeshi, na bado mwaka 1978 akaingia Kagera, Tanzania, vita ambayo ilimmaliza. Nyerere alikuwa mwalimu. Kupigana aliwaachia makamanda, lakini walipokaribia Kampala yeye ndiye alisema barabara ya Jinja iachwe wazi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wapate pa kutokea, asiwaaibishe zaidi. Askari anataka kufunga njia zote, hiyo ndiyo kazi yake, na simlaumu. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979.

Halafu huku kwetu. 1994 Betty Bigombe, waziri, si askari, alikuwa ameshaonana na Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, uso kwa uso porini, ndio serikali ikatoa siku 7 waasi wajisalimishe na mazungumzo yakafa hapo. Kuanzia 1996 watu wakapelekwa kambini ili waasi wakose chakula na habari, na kijeshi hiyo inaeleweka kabisa, lakini nani alimuuliza mama aliyeacha shamba lake atalisha watoto nini? Kufika 2005 waliohama makwao walipita milioni moja na nusu!! Sheria ya 2000 ya kuwasamehe waasi ilisukumwa sana na viongozi wa dini na wazee wa Acholi, na maelfu wakatoka porini.

— Ndugu yangu, mimi niko na huyo mzee. Mwanasiasa hajui risasi zimebaki ngapi, hajui mvua inafanya nini kwa barabara, anataka ushindi kabla ya uchaguzi. Wanaokufa ni vijana wetu.

— Hapo nakubali kaka, na ndiyo maana nasema jenerali aulizwe tutapigana namna gani na tuna nguvu ya siku ngapi, na akisema haiwezekani asikilizwe. Lakini kama tupigane au tuongee, na lini tuache, hiyo si yake peke yake, kwenye hicho chumba awepo pia mtu anayejua kambi inanuka vipi mvua ikinyesha. Wewe ungemwita nani?