Haidroksaidi ya shaba inageuka nyeusi kabla ya kukauka, kosa liko wapi?

fuwele77
Wakuu, naomba msaada. Salfeti ya shaba (CuSO₄·5H₂O) gramu 12.5 kwenye maji ml 100, NaOH (alkali, yaani magadi makali) gramu 6 kwenye ml 100, nikamimina yote kwa mkupuo. Mashapo yanatoka buluu safi, nikiyaosha yanaingia ukijani, na kwenye oveni ya 100°C yanakuwa meusi tii. Kipimo cha eksirei (kinachotambua fuwele kwa pembe ambazo miale hutawanyika) kinatoa mistari ya 35.5° na 38.7° tu.

Bureti
Hiyo tayari ni CuO, oksaidi nyeusi ya shaba, si haidroksaidi, Cu(OH)₂. Gramu 12.5 ni moli 0.05, zinataka NaOH gramu 4. Wewe umezidisha kwa nusu nzima. Alkali ya ziada inayeyusha sehemu ya mashapo kuwa [Cu(OH)₄]²⁻, kisha ioni hizo zinashuka tena zikiwa oksaidi. Weka gramu 4.2, poza mimumunyo yote miwili chini ya 10°C (NaOH ikiyeyuka hupasha maji, usiitumie ikiwa vuguvugu), dondosha taratibu huku unakoroga. Osha kwa maji baridi mpaka bariamu kloraidi (inayoonyesha salfeti) isilete weupe kwenye maji ya kuoshea. Kausha kwenye desiketa (chombo kilichofungwa chenye kinyonya unyevu). Mavuno kamili ni gramu 4.88.

tabaka_b
Naongeza: oveni inasingiziwa kidogo. Ikiwa safi na kavu, Cu(OH)₂ inavumilia zaidi ya 100°C. Kinachoiangusha ni alkali iliyobaki kwenye unyevu. Ukijani huo nao ni weusi unaoanza kuchanganyika na buluu; ingekuwa salfeti ya besi (salfeti ya shaba yenye haidroksaidi ndani yake) ungeona mstari karibu na 13.9°.

Mimi ningepita njia ya amonia. Pasha salfeti hadi 70°C, tia amonia mpaka buluu iliyokolea ianze kujitokeza, chuja salfeti ya besi, ioshe, ndipo uikoroge kwenye NaOH baridi. Chembe zinakuwa kubwa, zinachujika, hazina ule ute unaoficha alkali.

fuwele77
Asante. Na kwenye eksirei niangalie wapi?

tabaka_b
16.7° na 23.8°. Usitegemee 35.9° na 38.1°, ziko jirani mno na za CuO. Fuwele ni othorombiki, yaani kisanduku chake cha msingi kina pembe mraba na pande tatu zisizolingana: a 2.95, b 10.59, c 5.26 Å (Å moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita). Kila shaba ina oksijeni nne kwa Å 1.95 hivi na ya tano mbali zaidi, karibu Å 2.36, zikiunda piramidi. Piramidi hizo hushikana kingo kwa kingo kuwa matabaka yenye mikunjo, na kati ya tabaka na tabaka kuna bondi za haidrojeni tu. Mstari wa 16.7° ndio nafasi ya matabaka hayo, nusu ya b. Ukiwa mpana na mfupi, matabaka hayajapangika vizuri. Sampuli hiyo usiiache majini usiku kucha.